Kipande cha Tatu cha Kidole Tumbo

Chumba anachofanyia kazi Dada Nta kiko mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka, na harufu yake humpokea mtu kabla hajaufikia mlango. Ni harufu ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Wageni wote hufanya jambo lile lile: huingia, hukunja pua, husema "samahani" utadhani wao ndio walionuka, kisha hutafuta sababu ya kutoka. Dada Nta hasikii kitu. Miaka ishirini na minne imemuua pua kabisa, kiasi kwamba maziwa yakiungua jikoni kwake, jirani ndiye humpigia kelele.

Jina hilo alipewa mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa na miaka ishirini na saba na nta chini ya kila ukucha. Leo ana miaka hamsini na mmoja na wajukuu wawili. Kwa haki angekuwa ameshapandishwa cheo akawa Mama Nta, au hata Bibi Nta, lakini jina limegoma kuzeeka, na wafanyakazi wa umri wa wanawe wanamwita Dada bila kupepesa macho.

Kazi yenyewe ni hii. Kinachotolewa mwilini mwa mtu katika chumba cha upasuaji huletwa mezani kwake ndani ya kopo lenye namba. Huiandika namba kwenye daftari, hukipima kitu kwa rula, hukata vipande vyembamba kwa wembe na kuvitia katika kaseti, yaani kijisanduku cha plastiki chenye matundu, kidogo kuliko kiberiti. Vipande humiminiwa nta ya moto. Nta ikiganda, mashine huikata utando mwembamba sana, utando hulazwa juu ya kioo, hupakwa rangi, na kioo huenda kwa daktari mwenye hadubini. Vitu vikubwa daktari hukata mwenyewe. Vitu vya kila siku vimeachwa kwa Dada Nta tangu zamani, na hakuna kitu cha kila siku kushinda kidole tumbo. Vinakuja kama mia moja na ishirini kwa mwaka, vyekundu, vimejaa usaha, vingine vimepasuka, na karibu vyote jibu lake ni moja: kiliingiwa na vijidudu, kimetolewa, mgonjwa aende zake nyumbani. Karibu vyote. Kimoja katika mia hivi huwa na uvimbe wa hatari ndani yake, na mara nyingi uvimbe huo hukaa kwenye ncha, mdogo kuliko punje ya mchele, ukimngoja mtu mwenye subira ya kuutafuta.

Sasa, aliyemfundisha Dada Nta kukata alikuwa Mkuu wa maabara wa wakati ule, mzee mstaarabu, msomi, na mkono wa birika wa kutupwa. Vifaa vililetwa mara mbili kwa mwaka na yeye alitaka vitoshe. "Kata kipande kimoja katikati, kimoja kwenye shina, basi," alimwambia. "Kidole tumbo hakina siri." Ncha ilirudishwa ndani ya kopo, na kopo likamwagwa baada ya mwezi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Naye alifundishwa hivyo hivyo, na aliyemfundisha bila shaka alikuwa na upungufu wake wa nta. Dada Nta alikata katikati na shina kwa miaka kumi na moja, na alikuwa na mkono mzuri mno, kila mtu alimsifu.

Katika miaka hiyo mdogo wake wa kiume alipasuliwa. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Tumbo lilimkamata kazini, wakampasua siku ile ile, na asubuhi kopo lake likawa mezani kwa dada yake pamoja na makopo mengine matatu. Dada Nta aliijua namba, maana alikuwa ameshapita wodini kuiuliza. Akakata katikati. Akakata shina. Aliona kwamba ncha ilikuwa nene kidogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti kinavyoizidi njiti yenyewe, lakini vidole tumbo vilivyougua huwa na maumbo ya kila namna. Akairudisha kwenye kopo. Jibu lilikuja safi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekimbia nayo habari nyumbani kwa mama yao.

Miaka sita baadaye tumbo la mdogo wake lilianza kujaa. Walilifungua wakalifunga. Seli mbaya zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na madaktari walisema shina la ugonjwa huenda lilikuwa tumbo lenyewe la chakula, huenda kilikuwa kile kidole tumbo cha zamani, hakuna wa kuapa. Alikufa ndani ya wiki tano.

Mama yao alihitaji kitu cha kushikilia, na alikipata. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa: "Kidole tumbo chake alikikagua dada yake huyu huyu, kwa mikono yake. Kingekuwa na kitu angekiona. Basi ilikuwa siku yake." Wageni walitikisa vichwa wakamtazama Dada Nta kwa heshima, naye akaangalia chini, wakasema mtoto wa watu ana unyenyekevu.

Alirudi kazini Jumatatu iliyofuata mazishi. Kopo la kwanza lilikuwa na kidole tumbo cha mwalimu wa shule ya msingi. Akakata katikati, akakata shina, kisha akaitoa ncha, akaipasua kwa urefu kama mtu anavyopasua ganda la njegere, na kuibananisha na wenzake ndani ya kaseti ile ile moja. Hapo ndipo ujanja wake ulipokuwa. Kaseti ya pili ingeonekana kwenye daftari, Mkuu angeuliza nani kaagiza, na yeye angelazimika kusema. Vipande vitatu katika kaseti moja havikuulizwa na mtu. Daktari aliyesoma vioo aliona kipande cha tatu akakisoma. Madaktari wa hadubini hutazama ugonjwa, aliyekata hawamwulizi alikataje.

Hakumwambia mtu siku hiyo, wala wiki iliyofuata, wala mwaka uliofuata. Mkuu alistaafu, wakaja wengine, wakaondoka, na kipande cha tatu kikawa desturi ya chumba kile bila mtu yeyote kuipitisha. Ndipo vivimbe vikaanza kuonekana. Kimoja mwaka huu, viwili mwaka ule. Vingi vilikuwa vidogo, vimeshatoka mwilini pamoja na kidole tumbo, na wenyewe waliitwa, wakachunguzwa, wakaendelea na maisha yao. Dada Nta alivihesabu kimya kimya. Kila kimoja kilimfurahisha, na kila kimoja kilimchoma.

Mwaka jana alifika daktari kijana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya haraka, ambaye korido nzima ilimbatiza Grafu kabla hajamaliza mwezi. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Alihesabu mabakuli ya kufulia vioo, alihesabu siku ambazo lifti haikufanya kazi, na kwa kuwa vitu hivyo haviandikiwi makala, akageukia madaftari ya miaka ishirini na minne. Alitaka uvimbe wa kidole tumbo, kwa sababu ni wa nadra na kwa sababu, alisema, hakuna aliyewahi kuuhesabu hapa. Dada Nta alimbebea madaftari na kumfuta vumbi mgongoni. Jumanne moja asubuhi, daktari alimwita kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Dada Nta, njoo. Njoo uone hiki kitu."

Kwenye kompyuta kulikuwa na mstari uliolala chini kama paka, halafu ukanyanyuka.

"Miaka kumi na moja, watatu. Watatu tu! Na hao walikuwa na uvimbe mkubwa, hata kipofu angeuona. Halafu angalia huku. Miaka kumi na mitatu, kumi na tisa."

"Naona, Daktari."

"Na si sisi tu. Huko nje zamani walikuwa wanaandika mgonjwa mmoja mmoja, kama kioja. Siku hizi wanakusanya maelfu, miaka thelathini, arobaini, na karibu kila anayehesabu anasema namba zinapanda. Kinachobishaniwa ni kwa nini."

"Wanasemaje?"

"Wengine wanasema ugonjwa umeongezeka kweli. Wengine wanasema hapana, ni sisi tumeanza kutazama vizuri na kuuita kwa jina lake. Sasa hapo ndipo sisi tunapowashinda." Daktari aligonga daftari kwa kalamu. "Sisi hatujabadilisha chochote! Nimepitia ukurasa kwa ukurasa. Kidole tumbo kimoja, kaseti moja, mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo hapa kwetu ni ugonjwa wenyewe."

Dada Nta alitaka kusema, na mdomo ulikuwa umeshafunguka, lakini kilichotoka ni "Hongera, Daktari."

Daktari hakuishia hapo. Kumi na mmoja kati ya wale kumi na tisa walikuwa wakazi wa mitaa ya chini, karibu na kiwanda cha rangi. Alikuwa ameshaandika barua kwa maofisa wa afya kuhusu visima vya huko, na Ijumaa angesimama ukumbini mbele yao na mbele ya hospitali nzima. Hakufikiria kwamba nusu ya wagonjwa wote wa hospitali ile hutoka mitaa ya chini, wenye uvimbe na wasio nao. Mtu akishapata jibu zuri huwa hapendi kulisumbua kwa maswali.

Jumanne yote na Jumatano yote Dada Nta alikata vipande huku akijitetea moyoni. Alijiambia kwamba yeye si daktari. Alijiambia kwamba maji ya visima vile ni machafu kweli, na kuyapima hakumdhuru mtu. Alijiambia kwamba huenda ugonjwa umeongezeka pia, nani ajuaye. Kila utetezi ulikuwa na ukweli kiasi, na wote kwa pamoja haukumpa usingizi. Watu wa kiwandani wangefukuzwa kazi. Wanawake wangeanza kubeba maji kutoka mbali kwa sababu ya mstari uliopanda Jumatatu moja kwa mkono wake.

Lakini tuseme wazi alichokuwa anaogopa, maana hakikuwa daktari wala maofisa. Alimwogopa mama yake. Mama ana miaka themanini na mmoja, anaishi naye, na sentensi ile bado anaisema. Miaka kumi na mitatu sasa. Kusema ukumbini kwamba ncha hazikukatwa ni kumnyang'anya mama kitu pekee kilichomwezesha kulala.

Alhamisi asubuhi alipiga moyo konde. Alifungua kabati la vioo, akachagua viwili, akaenda kwa daktari bila hata kuvua aproni.

"Daktari, umetazama vioo vya wenye uvimbe peke yao?"

"Ndiyo. Vingine vya nini? Vina jibu."

"Vitazame hivi. Usitumie hadubini. Vinyanyue dirishani."

Daktari alivinyanyua. Kwenye kioo cha kwanza kulikuwa na viduara viwili vya waridi, kama vifungo vya shati. Kwenye cha pili kulikuwa na viduara viwili na kipande kirefu pembeni yake. Alivishusha, akavinyanyua tena, akabadilisha mikono.

"Hiki kirefu ni nini?"

"Ncha."

"Na huku iko wapi?"

"Ilimwagwa. Zote zilimwagwa, miaka kumi na moja. Tulikuwa tunakata katikati na shina tu. Halafu nikaanza kukata na ncha. Nikaziweka zote kaseti moja, ndiyo maana daftari halikuonyeshi."

Daktari ni msomi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alitazama kompyuta yake kama mtu anayemtazama mgeni aliyekunywa chai yake kwa miezi minane na sasa imebainika kwamba si ndugu.

"Kesho, Dada Nta. Kesho!"

"Najua."

"Kwa nini hukuandika? Mstari mmoja tu. 'Kuanzia leo, ncha.' Ungekufa?"

"Ningeulizwa kwa nini."

"Basi nakuuliza mimi. Kwa nini?" Alikuwa na hasira kweli, sauti imepanda. "Nani alikwambia uanze? Kwa nini wiki ile na si nyingine?"

Dada Nta alikionyesha kile kioo cha viduara viwili, ambacho daktari alikuwa bado amekishika.

"Hicho ni cha mdogo wangu. Nilikikata mimi. Wiki ile nilikuwa nimetoka kumzika."

Daktari alikirudisha kioo mezani kwa vidole viwili, taratibu sana. Hasira ilimtoka. Baadaye kidogo alivuta karatasi, akaandika, akafuta. Kwa hesabu ya miaka ya karibuni, miaka ile kumi na moja ilipaswa kuwa na watu kumi na sita hivi wenye uvimbe. Walionekana watatu.

"Kumi na watatu," alisema daktari.

"Kumi na watatu, pamoja na yeye au bila yeye," alisema Dada Nta. "Nilishapiga hesabu hiyo zamani."

Waliafikiana haraka. Barua ya visima ingefuatwa na barua nyingine siku ile ile. Kesho daktari angeonyesha mstari ule ule, lakini angeukata katikati kwa mstari wa wima, na kusema kilichotokea hapo: hakuna ushahidi wa ugonjwa kuongezeka, kuna wembe uliosogea sentimita moja. Ingekuwa makala ya aina nyingine, pengine ya aibu kidogo kwa hospitali, pengine yenye faida kuliko ile ya kwanza.

"Sitakutaja jina," alisema daktari.

"Fundi wa kukata ni mmoja, Daktari. Usiponitaja ndiyo watanitaja wao."

Alijua kwamba kufikia Ijumaa jioni manesi watakuwa wamemwaga mtama, na wawili kati yao wanakaa mtaa mmoja na mama yake. Aliomba ruhusa, akatoka saa nane mchana.

Mama alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha karibu na dirisha, akikunja nguo zilizoanuliwa, rundo la watoto huku na la watu wazima kule. Aliuliza kama kuna anayeumwa, kwa kuwa binti yake harudi saa hizo. Dada Nta aliketi kwenye mkeka, miguu ameikunja kama msichana, akasema yote bila kupumzika. Alisema katikati, alisema shina. Alisema ncha ilivyokuwa nene kama kichwa cha njiti, na kwamba aliiona, na kwamba aliirudisha. Alisema hajui kama ugonjwa ulikuwa mle, hakuna atakayejua kamwe, lakini kukikagua hakukikagua, si chote.

Mama alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo. Dada Nta alijiandaa. Njia nzima alikuwa ametayarisha majibu: nani alimfundisha, kwa nini Mkuu alibana nta, wangapi wamepona tangu pale. Mama hakuuliza hata moja.

"Miaka kumi na mitatu," alisema mama. "Umekaa hapo hapo ulipo. Umeniacha nawaambia watu."

Machozi yalimtoka Dada Nta, na aliyaacha yatoke, kwa kuwa alistahili kuonekana nayo.

"Nisamehe, mama."

"Nimewaambia wangapi mimi? Nimemwambia mke wa marehemu. Nimewaambia wanawe, wakaacha kuuliza." Mama alishika nguo nyingine, akaiacha mapajani. Sauti ilikuwa kavu. "Mkewe anakuja Jumapili na watoto. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie nilivyokueleza."

"Siwezi. Mimi nilisema nilichokiamini, na sina kingine. Hiki ni chako. Utamwambia wewe, mwanangu, kwa mdomo wako, mbele ya watoto. Na utakaa hapa, kwenye kiti cha pembeni yangu, si huko chini kwenye mkeka, wakuone umekaa na mimi."